Mtambo Hujibu Kama Ulivyoulizwa

Siku chache kabla ya Ramadhani iliyopita, mzee mmoja mwenye kisukari alinijia baada ya swala ya Alasiri, simu ya mwanawe mkononi. Alikwisha kuazimia kuacha vidonge, afunge kwa maji ya mdalasini. "Katibu, Google imethibitisha," alisema. Nikamwomba anioneshe alichoandika. Kilikuwa hiki: mdalasini unaponya kisukari.

Mzee wetu hakuwa ameuliza swali, bali alikuwa ametoa dai. Mtambo wa kutafutia una vigezo vyake vya kupanga kurasa, lakini huanzia kwenye maneno uliyoupa. Ukiupa jibu, utakutafutia wanaokubaliana nawe, na wauza mdalasini hawakosekani.

Tukaketi barazani tukaandika upya: kisukari kufunga Ramadhani vidonge. Maneno manne tu, bila "naomba kujua" wala salamu. (Wapo wanaouandikia mtambo kama wanaomwandikia mjomba.) Kurasa zikabadilika, ila mdalasini ukajitokeza tena. Tukaongeza -mdalasini, alama ya kutoa ikiwa imeshikana na neno, nao ukaondoka. Yaliyobaki juu yalikuwa matangazo ya kulipiwa, ambayo huandikwa kuwa ni matangazo, na mtu mwenye haraka hapaoni.

Kwa Kiswahili tulipata machache. Kijana wake anayesoma sekondari akaandika kwa Kiingereza: diabetes Ramadan guidelines filetype:pdf. Maneno hayo ya mwisho huleta nyaraka kamili badala ya porojo. Vivyo hivyo, ukiongeza site:who.int utapata kurasa za Shirika la Afya Duniani peke yake, na site:go.tz, za serikali yetu. Ukifunga sentensi nzima ndani ya alama za kunukuu, utaletewa penye maneno hayo kwa mpangilio huo huo. Njia nzuri ya kuanza kuchunguza "hadithi" zinazosambazwa kwenye simu zetu kabla hujazisambaza nawe.

Waraka tulioupata ni mwongozo wa mwaka 2021 wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari na wenzao wanaoshughulikia kisukari na Ramadhani. Unataka mgonjwa aonane na daktari wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuingia. Unasema kujipima sukari kwa kujitoboa kidole hakubatilishi saumu, na kwamba sukari ikishuka chini ya 3.9 kwenye kipimo, afungue hapo hapo. Mzee alisoma mstari huo mara mbili, kisha akauliza kwa sauti ndogo kama kipimo chake cha nyumbani bado kina betri.

Jumatatu alikwenda kliniki na kurasa tulizochapisha. Vidonge hakuviacha, daktari alimpangia upya saa za kuvimeza. Alifunga siku 18. Zilizobaki, baada ya kuzungumza na imamu, alizitolea fidia.