Mbegu za bangi ya chumbani: hesabu zake, na hatari kwa mizigo ya Owino

Na Mwandishi Wetu, Kampala

Mtu yeyote mwenye simu ya intaneti anaweza leo kutazama video zinazomfundisha asiyewahi kulima namna ya kukuza bangi ndani ya chumba. Anaonyeshwa hema dogo, taa, feni, vyungu vichache na mbegu ambazo muuzaji anadai zitatoa maua zenyewe na kuvunwa baada ya wiki nane hadi kumi.

Kuna mambo matatu ambayo video hizo hazimwambii mtu wa Kampala. La kwanza, mbegu hizo zilitengenezwa kutatua tatizo ambalo Uganda haina. La pili, sheria ya Uganda haina nafasi ya mkulima wa chumbani. La tatu, anayekutwa na mzigo barabarani si muuzaji wa kwenye mtandao, ni msafirishaji.

Kwa wafanyabiashara wa soko la St. Balikuddembe, ambalo wengi tunaliita Owino, jambo hili si la kando. Mizigo ya mitumba, viatu na bidhaa ndogo ndogo inayotoka hapa huenda hadi Sudan Kusini, Kongo na Rwanda, na mara nyingi lori moja hubeba robota za watu wengi. Pakiti ya mbegu kumi ni ndogo kuliko kibiriti. Inaingia katika mfuko wa koti la mtumba na hakuna atakayeiona mpaka mbwa wa forodha ainuse au ofisa afungue robota.

Mbegu hizi ni kitu gani?

Bangi ya kawaida hutoa maua kwa kufuata urefu wa usiku. Katika nchi za kaskazini, siku za kiangazi huwa ndefu sana, na mmea huendelea kukua majani tu. Usiku unapoanza kurefuka kuelekea vuli ndipo maua hutoka. Mkulima wa huko asipokuwa mwangalifu, baridi humkuta kabla hajavuna.

Iko jamii nyingine ya bangi, fupi na yenye nguvu kidogo ya kulevya, ambayo hutoa maua kwa kufuata umri wake bila kujali urefu wa usiku. Mtaalamu wa mimea wa Urusi, Janischewsky, aliieleza kitaalamu mwaka 1924 na ikaitwa ruderalis. Miaka ya 2000 wazalishaji wa mbegu walianza kuichanganya na bangi yenye nguvu na kuuza mbegu zinazotoa maua zenyewe. Kwa mtu wa Ulaya faida yake inaonekana: anavuna haraka, kabla ya baridi, au chumbani bila kubadilisha ratiba ya taa.

Sasa tuangalie Kampala. Dereva anayekwenda Mutukula anapita alama ya ikweta pale Kayabwe, barabara ya Masaka. Mji wetu uko karibu kabisa na mstari huo, na tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka ni dakika chache tu. Mwaka mzima tuna takriban saa 12 za mchana na saa 12 za usiku, na baridi ya kuua mimea haipo. Kwa hiyo anayenunua mbegu hizi kwa bei ya Ulaya analipia dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Hesabu ya umeme

Tuchukue mfano mdogo. Taa ya wati 200 inayowaka saa 20 kwa siku hutumia yuniti 4 za umeme. Kwa siku 75 ni yuniti 300. Ukikadiria yuniti moja kwa shilingi 750, ni shilingi 225,000 kwa taa moja tu. Bado hujahesabu feni, kichujio cha kuondoa harufu, udongo, mbolea, mbegu zenyewe na kodi ya chumba. Umeme ukikatika, hesabu inabadilika tena, kwa sababu hewa haizunguki na ukungu hushika maua.

Nje ya chumba hicho kuna jua la bure. Mtu hulipia taa mahali penye jua la mwaka mzima kwa sababu moja tu, nayo ni kujificha. Gharama hiyo basi si ya uzalishaji. Ni gharama ya kuvunja sheria, na katika biashara ni vizuri kuita kila gharama kwa jina lake.

Aidha, wakazi wa Owino hawahitaji kuelezwa hatari ya nyaya zilizozidiwa mzigo katika vyumba vilivyobanana. Soko hili liliungua mwaka 2009, likaungua tena 2011, na waliopoteza mitaji yao wengi walikuwa hawana bima.

Sheria ya Uganda inasemaje?

Hapa ndipo uvumi umekuwa mwingi. Mei 2023 Mahakama ya Katiba iliifuta sheria ya dawa za kulevya iliyokuwa ikitumika, kutokana na kesi iliyofunguliwa na chama cha wakulima na wauzaji wa miraa wa Wakiso. Wengine walitangaza kwamba bangi na mairungi sasa ni halali. Haikuwa hivyo. Mahakama iliifuta sheria kwa sababu Bunge liliipitisha bila akidi kuthibitishwa. Haikusema kwamba mimea hiyo ni ruhusa.

Agosti 2023 Bunge lilipitisha muswada mpya, na baadaye Rais Yoweri Museveni akautia saini. Chini ya sheria hiyo, kulima bangi bila kibali cha waziri ni kosa, hata kama ni mche mmoja chumbani. Ulanguzi unaweza kumpeleka mtu jela maisha. Miraa nayo imewekwa chini ya udhibiti wa leseni.

Je, mbona tunasikia kampuni zinalima kihalali? Ni kweli. Huko Hima, wilaya ya Kasese, kampuni ya Industrial Hemp (Uganda) ilishirikiana na Together Pharma ya Israel kulima bangi ya dawa kwa ajili ya soko la nje. Lakini tazama ukubwa wa mlango huo. Masharti yaliyotangazwa na Wizara ya Afya mwaka 2019 yalimtaka mwombaji awe na mtaji wa dola milioni 5 na dhamana ya benki ya shilingi bilioni 4. Pia lazima awe na mnunuzi wa nje na ulinzi wa eneo. Mwenye chumba kimoja Kisenyi hawezi kuingia humo, na bidhaa yake haiwezi kuuzwa kwa mnunuzi wa dawa wa Ulaya ambaye hudai vipimo vya maabara kwa kila shehena.

Kuvuka mpaka

Video nyingi zinatoka katika nchi ambako kulima nyumbani kumeruhusiwa. Ujerumani iliruhusu mtu mzima kulima miche mitatu kuanzia Aprili 2024. Mwaka huo huo Rais wa Afrika Kusini alitia saini sheria ya bangi kwa matumizi ya faragha. Ruhusa hizo zinaishia kwenye mipaka yao. Kwetu hali ni hii:

Kenya: Kulima na kulangua ni makosa, na mwaka 2022 adhabu ziliongezwa. Tafsiri ya ulanguzi katika sheria hiyo inajumuisha kuhifadhi, kubeba na kufikisha mzigo. Dereva hawezi kujitetea kwa kusema yeye si muuzaji.

Tanzania: Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya (DCEA) husimamia sheria ya mwaka 2015. Taarifa zake za operesheni hutaja bangi kavu, mashamba na pia mbegu. Dereva akumbuke vile vile kwamba miraa, ambayo ni zao halali Kenya, huko huitwa mirungi na ni dawa ya kulevya.

Rwanda: Agizo la waziri la Juni 2021 liliruhusu kilimo cha bangi kwa ajili ya dawa na utafiti, chini ya leseni na ulinzi mkali, na mazao kwenda nje. Matumizi ya ndani na kilimo cha mtu binafsi bado ni marufuku.

Wauzaji wa mbegu hupenda kusema kwamba mbegu si dawa. Hoja hiyo ina asili yake. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961 uliziacha mbegu nje ya tafsiri ya bangi, ndiyo maana maduka ya Ulaya huziuza waziwazi. Lakini mfanyabiashara asiitegemee Malaba au Katuna. Kwanza, mbegu yoyote inayovuka mpaka, hata ya nyanya, inahitaji kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea. Pili, mbegu ya bangi haina kazi nyingine kwa mkulima wa chumbani ila kuotesha mmea uliokatazwa.

Kinacholiweka lori hatarini

Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inaorodhesha dawa za kulevya zinazodhibitiwa kimataifa miongoni mwa bidhaa zilizopigwa marufuku kuingizwa. Sheria hiyo inaruhusu kutaifishwa si bidhaa peke yake, bali pia chombo kilichotumika kuibeba.

Weka hesabu hiyo kwenye mizani. Upande mmoja kuna kifurushi ambacho mwenyewe amemlipa utingo elfu chache. Upande wa pili kuna lori la mkopo, leseni ya kampuni na robota za wafanyabiashara wadogo kumi au ishirini ambao hawajui lolote. Lori likizuiwa, mama aliyekopa katika kikundi chake anaendelea kudaiwa kila wiki huku nguo zake ziko yadi ya forodha. Hakuna nauli inayolipa hatari ya namna hiyo.

Kwa wasafirishaji, hatua hizi hazigharimu kitu kikubwa:

1. Usipokee kifurushi kilichofungwa bila kukifungua mbele ya mwenyewe. Anayekataa kifunguliwe, mrudishie.

2. Andika jina, namba ya kitambulisho na simu ya kila mwenye robota, na kila robota iwe na namba yake. Mzigo ukipekuliwa, orodha hiyo ndiyo itakayotofautisha mwenye kosa na asiye na kosa.

3. Mkataze utingo kubeba "zawadi" na "barua" za njiani. Liwe sharti la ajira, lililoandikwa.

4. Mbegu za aina yoyote zisafiri na karatasi zake. Utaratibu rahisi wa biashara kwa shehena zisizozidi dola 2,000 haufuti masharti ya afya ya mimea.

5. Taa, feni na hema si haramu, na wafugaji wa vifaranga na wenye vitalu hununua taa kila siku. Zitaje kwa majina yake kwenye tamko la forodha. Kuziandika kama nguo ni kosa tayari, na humfanya ofisa atafute zaidi.

Wenye vyumba na stoo nao wajiangalie. Mpangaji anayelipa bili kubwa ya umeme, anayeziba madirisha na kukataa mgeni, anastahili kuulizwa. Mwenye nyumba anayejua na kunyamaza anaweza kuunganishwa katika kesi.

Kama ni chumba tu

Anayetaka kweli kulima ndani ya chumba Kampala anayo njia isiyo na kesi. Uyoga hukua gizani juu ya pumba za mbegu za pamba zilizochemshwa, hauhitaji taa ya saa 20, na mavuno ya kwanza huanza kutoka baada ya wiki chache. Una shida zake: unaoza haraka, unahitaji usafi, na soko lazima ulitafute kabla ya kuotesha. Lakini unaubeba mchana, unaupeleka sokoni Owino kwa jina lake, na mteja akichelewa kulipa unaweza kumdai mbele ya watu.

Hiyo ndiyo tofauti ambayo mfanyabiashara aiangalie kwanza, kabla ya bei. Bidhaa halali ikiharibika unapoteza mtaji wa msimu mmoja. Mbegu kumi katika mfuko wa koti zinaweza kumgharimu mtu uhuru wake, na kuwagharimu wenzake mizigo ambayo hawakujua imesafiri nazo.