Utamu Ukishaliwa, Kinabaki Nini?

Asali iliyokomaa, ikifunikwa vizuri, hukaa miaka bila kuharibika. Itie maji, na baada ya siku chache inaanza kutoa povu. Karibu asilimia 80 ya asali ni sukari, na maji yake ni kama asilimia 17 au 18 tu. Hamira ikiangukia humo hunyonywa unyevu wake, ikabaki imelala. Maji yakiongezeka huamka, ikala sukari na kutoa kilevi pamoja na hewa ya ukaa.

Pombe ya asali si ngeni Tanzania. Wanzuki inajulikana tangu zamani, ingawa wapikaji wengi siku hizi hutumia sukari ya dukani. Kigeni kwa mnywaji wa Mbeya au Iringa ni mvinyo wa asali: asali iliyoachwa ichache mpaka mwisho, ikatulizwa kwa miezi, ikatiwa chupani ikiwa angavu. Mtengenezaji mdogo anayeuonjesha, tuseme kwenye maonyesho ya Nanenane pale viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, ajiandae kwa swali moja: mbona hauna utamu?

Jibu ni hesabu. Chukua kilo 3 za asali, ongeza maji mpaka zitimie lita 10. Humo mna sukari kilo 2.4 hivi, yaani gramu 240 kwa kila lita. Takriban gramu 17 katika lita huzaa asilimia moja ya kilevi, kwa hiyo hamira ikimaliza kazi yote mvinyo unafika asilimia 14, karibu mara tatu ya bia ya kawaida. Ndiyo maana huonjeshwa kwa bilauri ndogo. Aliyezoea kata ya ulanzi lazima aambiwe mapema.

Ulanzi wenyewe unafaa kulinganishwa hapa. Utomvu wa mwanzi unaogemwa Iringa wakati wa mvua huanza kuchacha ungali mtini; asubuhi ni togwa, bado mtamu, na siku chache baadaye umekuwa mkali. Asali haina haraka hiyo. Hamira haiishi kwa sukari pekee, inahitaji naitrojeni ili izaliane, na asali safi ina naitrojeni kidogo mno. Mtengenezaji asiyejua hili huona povu likikoma katikati, sukari nyingi ikiwa haijaguswa, na kinywaji kikianza kunuka kama yai viza, kwa sababu hamira yenye njaa hutoa gesi ya salfa.

Wapikaji wa jadi walikuwa na dawa yake bila maabara. Wengi barani Afrika walitumia asali ghafi, pamoja na vipande vya masega, chavua na hata majana, na hivyo viwili vya mwisho vina protini tele. Kenya, pombe ya asali iitwayo muratina huchachushwa kwa tunda kavu la mwegea, ambalo nyuzi zake huhifadhi hamira kutoka upishi mmoja hadi mwingine. Ethiopia hutia majani na vijiti vya gesho katika teji, pombe yao ya asali. Mimi naona ujuzi huo unastahili heshima sawa na pakiti ya virutubisho inayonunuliwa leo.

Baridi nayo ina neno lake. Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Pipa lisilofunikwa kwa blanketi au kuwekwa chumba chenye joto hulala.

Sukari ikishaliwa, kinachobaki ni ua na mkono wa mrinaji. Asali ya miombo ya Chunya haitoi mvinyo sawa na asali ya mikaratusi ya Mufindi. Na moshi hauliwi na hamira: asali iliyorinwa kwa mwenge wa moto mkali hutoa mvinyo wenye harufu ya jikoni, na hakuna kungoja kunakouondoa. Wengine huuficha kwa kurudishia utamu kabla ya kufunga chupa. Ningependa wasifanye hivyo mezani pa kuonjeshea. Wamimine ule mkavu kwanza, na lebo itaje wilaya, maua na mwezi wa kurina, ili mnywaji akiupenda ajue asali ya nani ya kuulizia, na mfugaji aliyerina kwa uangalifu alipwe zaidi ya jirani yake aliyechoma mzinga.