BOMBA LIPI LAFAA NYUMBANI KWAKO?



Wengi wetu wa viwandani na mashambani hujenga polepole: mwezi huu matofali, mwezi ujao mabati. Maji hufikiriwa mwisho, fedha zikiwa zimekwisha, na hapo ndipo mtu hununua bomba la bei ndogo kuliko yote.

Hapa Makenke, kama kwingineko Mbarara, maji ya Shirika la Taifa la Maji na Maji Taka hupimwa kwa mita. Bomba likivuja baada ya mita, hasara ni yako. Tega kopo la nusu lita chini ya kiungio kinachovuja. Likijaa kwa robo saa, basi kwa siku unapoteza lita 48, yaani jerikeni mbili na zaidi, nawe utazilipia.

Basi tuyatazame mabomba yenyewe.

1. Chuma kilichopakwa zinki. Ni kigumu, hakiogopi jua wala kugongwa. Chafaa kwa bomba la uani linalosimama nje. Lakini zinki huliwa kidogo kidogo, kutu huingia, na njia ya maji huzidi kuwa nyembamba.

2. Plastiki nyeusi yenye mistari ya buluu. Huuzwa ikiwa imeviringwa, kwa hiyo viungio ni vichache. Haishiki kutu. Hii ndiyo ya kuzika kutoka kwenye mita hadi nyumbani, katika mtaro wa futi 2.

3. Plastiki ngumu ya kuunganishwa kwa gundi (PVC). Bei yake ni nafuu, lakini jua huifanya ipasuke, na maji ya moto huilegeza.

4. Plastiki ya kuunganishwa kwa mashine ya moto (PPR). Yafaa ndani ya nyumba, hata kwa maji ya moto. Mtafute fundi mwenye mashine hiyo, maana kiungio kikiharibika hakifunguliwi, hukatwa.

Kabla ya kulipa, soma maandishi ya ubavuni. PN 10 maana yake bomba huhimili msukumo wa maji yaliyosimama kiasi cha mita 100 kwenda juu. Lisilo na maandishi liache dukani. Yale membamba ya maji machafu yasiwekwe kabisa kwenye maji ya msukumo.

Mwisho, usikubali fundi afukie mtaro kabla ya kupima. Fungueni maji, fungeni koki zote, kisha itazameni mita. Namba zikitembea, pana mahali panapovuja. Afadhali kuchelewa siku moja kuliko jasho la mwezi mzima kumwagika mtaroni.