Kiingereza kilichozaliwa sitahani

Fungua ukurasa wa biashara wa gazeti lolote kubwa la Uingereza. Benki fulani imepwelewa, mkurugenzi mpya ndiye aliyeshika usukani, wanahisa wanaonywa wazibe milango ya ngama kabla tufani haijaingia. Mwandishi wa habari hiyo huenda hajawahi kupanda hata kivuko, lakini lugha yake imelowa chumvi. Wahenga wake waliishi kwa meli, wakapigana kwa meli, wakatajirika kwa meli na kuja kututawala kwa meli. Mabaharia waliporudi mjini waliendelea kuongea kama mabaharia, na watu wa bara wakawaiga.

Sehemu kubwa ya nahau zinazowasumbua wanafunzi wetu wa Kiingereza ilitoka huko. Shuleni tunazipata kwenye orodha: upande wa kushoto nahau, upande wa kulia maana, kesho mtihani. Kwa maoni yangu ni njia mbovu kuliko zote, kwa sababu inamfundisha mtoto kwamba Waingereza waliamka siku moja wakaamua kusema upuuzi. Hakuna lugha inayofanya hivyo. Nahau nyingi zilianza kama maelezo ya kazi, ya moja kwa moja kabisa, na yule wa kwanza kuzitamka hakudhani anatumia fumbo.

Chukua manowari ya HMS Victory, iliyoshushwa majini mwaka 1765 na ambayo hadi leo imehifadhiwa Portsmouth. Ndiyo iliyombeba Admirali Nelson kwenye vita vya Trafalgar mwaka 1805. Kamba zake zote zikiunganishwa zinafika kilomita 42 hivi. Kila moja ina kazi yake na mahali pake pa kufungiwa, na baharia alitakiwa aipate gizani, mvua ikimpiga usoni, kwa kupapasa. Akifungua isiyo yenyewe, tanga linaanguka juu ya vichwa vya wenzake. Ndiyo maana Mwingereza akitaka kusema mtu ni mwenyeji wa kazi yake, anaijua nje ndani, husema 'he knows the ropes', anazijua kamba. Mgeni ofisini naye huambiwa kuna mtu atamwonyesha 'the ropes'. Kumbuka ni kamba nyingi daima: ukisema 'the rope', kwa umoja, nahau imekufa, na msikilizaji anaweza kudhani unazungumzia kitanzi.

Kamba hizohizo zimezaa nahau nyingine inayopotosha watu kuliko zote ninazozijua, 'three sheets to the wind'. Mwanafunzi anayejua kwamba 'sheet' ni shuka au karatasi ataona shuka tatu zimeanikwa uani zikipepea. Hata Waingereza wengi hudhani ni matanga. Sivyo. Kwenye meli neno hilo ni jina la kamba inayoshika pembe ya chini ya tanga, ile ambayo mabaharia wa pwani yetu wanaiita demani. Aliyewahi kusafiri kwa jahazi amemwona yule anayekaa na demani mkononi, akiikaza upepo unapogeuka na kuilegeza unapozidi. Sasa mwache aiachie. Tanga linapoteza upepo, linapigapiga kama linataka kuchanika, na chombo kinaanza kuyumba bila mwelekeo. Zikiachiwa kamba tatu kwa pamoja, meli inatembea kama mtu aliyetoka kilabuni usiku wa manane. Hiyo ndiyo maana ya nahau yenyewe: mtu amelewa chakari. Mwanzoni mwa karne ya 19 watu walisema 'in the wind', na walikuwa wanahesabu. Aliyechangamka kidogo tu alikuwa na kamba moja iliyoachiwa.

'Taken aback' nayo ni ya matanga. Meli zile kubwa zilibeba matanga mapana ya pembe nne yaliyotandazwa kukingama chombo, yakisubiri upepo wa nyuma. Upepo ukigeuka ghafla, au mshika usukani akisinzia, unayapiga matanga kwa mbele na kuyabamiza kwenye milingoti. Meli iliyokuwa inakwenda inasimama, kisha inaanza kurudi kinyumenyume, na mlingoti unaweza kuvunjika. Leo mtu aliye 'taken aback' ni yule aliyepigwa na butwaa kwa habari asiyoitarajia, na kwa kawaida si habari njema. Mtu anapigwa na upepo, hajipigi mwenyewe, ndiyo maana sarufi ya nahau hiyo karibu kila mara imekaa katika kauli ya kutendwa.

'By and large' inafumba zaidi, kwa sababu maneno yake matatu hayatoi hata picha. Lakini mtu wa Lamu au wa Mkokotoni angeielewa kwa kuelezwa mara moja. 'By' ni chombo kinachokwenda joshi, yaani kinachoukabili upepo kwa ukaribu kadiri kinavyoweza. 'Large' ni kinyume chake, upepo ukitokea nyuma au ubavuni kwa nyuma. Meli iliyokwenda vizuri kwa hali zote mbili ilisifiwa kwa maneno hayo, na yanaonekana katika kitabu cha ubaharia cha mwaka 1669. Chombo kizuri kwa joshi na kwa upepo wa nyuma ni kizuri kwa jumla, na 'kwa jumla' ndiyo maana iliyobaki. Ukipindua ukasema 'large and by', hakuna atakayekuelewa.

Msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kuona haya yote ni maajabu ya Wazungu. Tunasema mipango imekwenda mrama, na mrama ni kule kuyumba kwa chombo bahari inapochafuka. Ligi ya mpira inang'oa nanga Dodoma, mamia ya kilomita kutoka pwani, na mazungumzo ya amani yanagonga mwamba Bujumbura, mji usio na bahari kabisa. Mtu aliyeachwa peke yake kwenye shida, ambaye Mwingereza angemwita 'high and dry', sisi tunasema amepwelewa, na picha ni ileile: chombo kimekalia mchanga, maji yameondoka, hakuna la kufanya ila kusubiri. Wala si kwamba mmoja alimwiga mwenzake. Mchanga na maji ya kupwa ni vilevile kila pwani. Usahaulifu nao ni uleule. Wapo wanaoweza kukupigia methali kwamba kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, lakini ukiwauliza tezi ni nini watakutajia hospitali, maana ndiko neno hilo linakosikika siku hizi. Tezi ni upande wa nyuma wa chombo, omo ni mbele.

Mahali ambapo usahaulifu huo unatugharimu ni kwenye tafsiri. Magazeti yetu, ya Nairobi na ya Dar es Salaam vilevile, yameanza kuandika kwamba mwanasiasa fulani ameonyesha 'rangi zake halisi'. Yametoa kwenye 'true colours'. Lakini 'colours' hapo si rangi, ni bendera. Enzi za matanga ilikuwa hila inayokubalika manowari kupandisha bendera ya uongo ili imkaribie adui bila kumshtua, ila kabla ya kufyatua mzinga wa kwanza ilitakiwa iishushe na kupandisha ya kweli. Wakati huo ndipo unapojua nani yuko mbele yako, na mara nyingi umechelewa. Kiswahili kilikuwa na kauli yake ya hali hiyo tangu zamani: mtu ametoa makucha. Ni kali na inaonekana, na haihitaji maelezo ya bendera. Sielewi kwa nini tunaiacha.

Ukishaonja utamu wa kutafuta asili, kuna mtego unaokungoja. Nahau zikikosa historia, watu huzitungia, na bahari ndiyo inayosingiziwa zaidi. Mfano ni 'let the cat out of the bag', kutoboa siri. Utasimuliwa kwamba paka huyo ni mjeledi wa mikia tisa uliotumika kuwachapa mabaharia, uliokaa kwenye mfuko wake hadi siku ya adhabu. Hadithi inasisimua, lakini siri iko wapi? Kila mtu melini aliujua mjeledi ule na aliuogopa. Maelezo mengine ni ya sokoni: mnunuzi anauziwa gunia akidhani lina kitoto cha nguruwe, akifungua anaruka paka. Hayo yanashawishi zaidi, hasa kwetu tunaojua kuuziwa mbuzi kwenye gunia, ingawa nashangaa paka gani huyo aliyekubali kukaa kimya njia nzima. Nahau yenyewe ilikwisha kuchapishwa mwaka 1760.

Nelson naye amesingiziwa, angalau nusu. Tarehe 2 Aprili 1801, kwenye mapigano ya Copenhagen, mkubwa wake, Admirali Hyde Parker, alipandisha bendera za kumwamuru aache kupigana. Inasimuliwa kwamba Nelson aliweka darubini kwenye jicho lake la kulia, lililopoteza nguvu ya kuona mwaka 1794 vitani Corsica, akasema haoni ishara yoyote, akaendelea hadi akashinda. Hapo, tunaambiwa, ndipo ilipozaliwa 'turn a blind eye'. Wanahistoria wanabishana kama kisa cha darubini kilitokea hivyo, na maneno ya kugeuza jicho pofu yalikuwapo kwenye maandishi tangu karne ya 17. Nelson aliipa nahau umaarufu, hakuizaa. Sisi tungesema alilifumbia macho jambo, na kwake hata kufumba hakukuhitajika.

'To the bitter end' ina wazazi wawili. Mwaka 1627 Kapteni John Smith, yule wa koloni la Virginia, aliandika kitabu cha lugha ya mabaharia, na humo mna maelezo ya nguzo fupi nene za sitahani ambazo amari ya nanga ilizungushiwa. Ncha ya ndani kabisa, iliyobaki melini, ilipewa jina lililotokana na nguzo hizo, jina ambalo kwa sikio la Kiingereza linafanana na neno la uchungu. Amari ikifika hapo, hakuna ya kuongeza. Kwa upande mwingine, Kitabu cha Mithali, sura ya 5, kinazungumzia mwisho ulio mchungu kama pakanga, na Waingereza waliisoma Biblia kuliko walivyosoma vitabu vya nanga. Pengine bahari na Biblia zilikutana katikati ya njia. Vyovyote iwavyo, anayepigana 'to the bitter end' anapigana mpaka kieleweke, hata kama kitakachoeleweka ni kwamba ameshindwa.

Na kuna moja iliyozaliwa mezani kwa mwandishi ingawa inanuka bahari. Mzinga wa manowari wenye uzito wa tani kadhaa ulikaa juu ya magurudumu, umefungwa kwa kamba nene. Victor Hugo, Mfaransa, katika riwaya aliyoitoa mwaka 1874, alieleza mzinga uliokatika kamba na kuanza kubiringika sitahani, ukiponda watu na kubomoa meli iliyoubeba. Wasomaji wa Kiingereza hawakuisahau picha hiyo, na baadaye mtu asiyetabirika, anayeumiza upande wake mwenyewe, akawa 'loose cannon'.

Asili haikuambii mahali pa kuitumia nahau, na hapo ndipo orodha za shuleni zinapotuangusha kabisa. 'Loose cannon' ni shutuma. Usiitaje kwenye barua ya kumpendekeza mtu kazini hata kama unamsifia ujasiri. 'By and large' inaingia hata kwenye ripoti ya bodi. 'Three sheets to the wind' ni ya utani na ya watu wazima kidogo, haifai kwenye taarifa ya polisi. Halafu iko 'under the weather', ambayo pia husemwa ni ya meli bila ushahidi wa kutosha. Maana yake ni kutojisikia vizuri, mwili umechoka, labda mafua. Mfanyakazi anayemwandikia bosi wake Mwingereza kwamba leo yuko hivyo hajakosea Kiingereza. Ila akituma ujumbe huo Jumatatu asubuhi, ajue kwamba nahau hiyo hutumika pia, kwa adabu, kumaanisha pombe za jana.