Viazi Vilivyobaki Ardhini

Kompyuta ilikaa kwenye kona ya maabara ya shule moja nje kidogo ya Naro Moru, imefunikwa kitambaa kuikinga na vumbi la Kieni. Kwa miaka minne ilikuwa seva ya Kolibri, programu ya bure inayowapa wanafunzi video na mazoezi bila intaneti.

"Fundi, itoe programu hiyo kabisa," Mwalimu akaniambia. "Karani anaitaka kompyuta leo."

Nikaandika apt remove, mashine ikakubali, nikanywa chai nikaenda zangu. Asubuhi karani akapiga simu: diski imejaa pomoni.

Anayelima viazi huku anaujua mchezo huo. Hata uchimbe kwa uangalifu gani, vidogo hubaki ardhini. Msimu unaofuata unapanda maharagwe, viazi vinachomoza katikati ya mistari.

Kwenye Debian na Ubuntu, remove hung'oa programu lakini huacha faili za mipangilio zilizo /etc, makusudi, usije ukaghairi. Amri ya purge hufagia na hizo pia. Ila hakuna hata moja inayoingia /home, nyumbani kwa mtumiaji, na huko ndiko Kolibri ilikoweka mali yake, katika folda ya .kolibri. Kile kitone cha mbele huificha. Bila ls -a huioni.

Nikaifungua. Video ndizo zilizomeza diski. Kando yake palikuwa na hifadhidata, faili ndogo tu ya db.sqlite3: majina ya watoto, madarasa yao, nani alikwama kwenye hesabu za sehemu na mara ngapi.

Hapo nikasahau habari ya diski. Mashine ilikuwa imeshalala usiku mzima mezani kwa mtu asiyehusika na alama za watoto. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inazipa taarifa za watoto ulinzi wa pekee, tena kwa kawaida hairuhusu taarifa za mtu kuwekwa baada ya lengo la kuzikusanya kutimia. Nami nilikuwa nimeshalipwa.

Siku hizi naanza na swali: mnataka kubaki na nini? Mwalimu, kwa mfano, alitaka alama. Nasimamisha huduma kwanza, maana hifadhidata ikinakiliwa huku inaandikwa huweza kuharibika. Kisha nanakili, na kuifungua nakala kwenye mashine nyingine nihakikishe inasomeka. Ndipo purge, ndipo folda yenyewe, nikisoma njia yake mara mbili kabla ya kubonyeza, kwa kuwa amri ya kufuta, rm -r, haijui samahani. Kama kompyuta inauzwa, nafuta diski nzima; faili iliyofutwa kwa rm huenda bado ikafufuka mikononi mwa mjuzi. Wanaoendesha programu kwa Docker nao wasijidanganye: kontena huondoka, volyumu zake zenye data zikabaki.

Masalio mengine ni madogo. Akaunti niliyoiunda kwa ajili ya seva. Poti 8080 niliyoifungua. Na kazi ya cron niliyoisahau mimi mwenyewe, iliyokuwa ikiamka saa nane usiku kunakili folda isiyokuwepo.

Siku ile nilipoyaondoa yote hayo, nikaizima mashine, nikaiwasha, nikafungua anwani ya zamani. Ukurasa ukagoma.

"Sasa mbona unachekelea kosa?" Mwalimu akauliza kutoka mlangoni.