Ufunguo wa Ramani: Maneno ya Ardhi na Kielelezo cha Nchi katika Vijiji vya Buha

Makala haya yakusudia kueleza jinsi kielelezo cha nchi chenye urefu, upana na kimo kitumikavyo katika kupanga ardhi ya vijiji, na kwa nini jambo hilo, ambalo watu hulidhania kuwa la wapima ardhi peke yao, lawahusu pia wanafunzi wa lugha. Tutaitazama Kitanga, katika nyanda za juu za Buha upande wa Kasulu na Kibondo, nchi ya vilima na mabonde ambayo vijito vyake vingi huteremkia Malagarasi.

Ramani ya kawaida hueleza kimo kwa mistari ya kontua. Mistari hiyo ni maandishi, nayo yataka kufundishwa kama maandishi mengine. Mimi mwenyewe nilikaa ng'ambo miaka kadhaa nikichambua sentensi, wala sikuweza kukitambua katika kontua kilima nilichokuwa nikikiona kila siku dirishani. Basi si haki kumdhania mzee wa Kiha kuwa haijui nchi yake kwa kuwa amenyamaza mbele ya karatasi.

Kielelezo huondoa kizuizi hicho. Kila kontua hukatwa katika karatasi ngumu, kisha vipande hubandikwa kimoja juu ya kingine mpaka vilima vikainuka. Kwa skeli ya 1:10,000, sentimita 1 ni meta 100. Kwa hiyo nchi ya kilometa 10 kwa 10 yaenea katika meza ya meta 1 kila upande, na kontua zinazopishana kwa meta 20 zahitaji karatasi yenye unene wa milimeta 2. Wenyeji hutia rangi mashamba na misitu, hutandika nyuzi kuonyesha njia na mito, na huchomeka pini penye visima na makaburi. Kompyuta nayo yaweza kuinua vilima hivyo katika kioo chake kwa kutumia picha za satelaiti. Na katika vijiji vya Kigoma vilivyo karibu na Gombe, Taasisi ya Jane Goodall imetumia picha za namna hiyo pamoja na wanakijiji katika mipango ya ardhi. Lakini kioo huongozwa na mtu mmoja, na meza huzungukwa na wengi.

Mfano ulio karibu nasi ni wa Waogiek wa Kenya, ambao mwaka 2006, huko Nessuit katika Mau ya Mashariki, walijenga kielelezo cha nchi yao kwa skeli hiyo hiyo ya 1:10,000. Wazee wa koo walikubaliana kwanza juu ya ufunguo, yaani orodha ya vitu vitakavyoonyeshwa na majina yake. Hapo ndipo mwanalugha apaswapo kusogeza kiti chake.

Tulitwae neno «mbuga». Kwa wakulima wengi wa bara, mbuga ni bonde la udongo mweusi lijaalo maji wakati wa masika, pafaapo kulimwa mpunga. Katika magazeti na maofisi, mbuga imekwisha kuwa mahali pa wanyama wa porini, pasipolimwa wala kulishwa ng'ombe. Likiandikwa katika ufunguo wa ramani bapa, kila msomaji atalisoma kwa maana yake, na mgogoro utakuwa umepandwa bila mtu yeyote kusema uongo. Mbele ya kielelezo mama mmoja atatia kidole bondeni na kusema, hapa nalima mimi; na neno hupata maana moja.

Neno la pili ni zito zaidi. Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, yaihesabu ndani ya ardhi ya jumla hata ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika; Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka huo huo, haina maneno hayo. Ardhi ya kijiji husimamiwa na halmashauri ya kijiji, na ya jumla na Kamishna wa Ardhi. Basi «isiyotumika» ni neno la kuhamisha mamlaka. Shamba lililopumzishwa, mteremko wa kukatia nyasi za kuezekea, chemchemi ya kiangazi: vyote huonekana vitupu katika ramani, na vyote vina wenyewe.

Kisha yako majina. Waha walikaa zamani katika makazi yaliyotawanyika vilimani, mpaka walipohamishiwa vijijini kandokando ya barabara katika miaka ya 1970. Katika Kirundi, ndugu wa karibu wa Kiha, «umusozi» ni kilima na pia ni jumuiya ya watu wakaao juu yake. Anayeandika «kilima» tu amewafuta watu.

Kwa hiyo napendekeza kazi ipangwe hivi: vilima viinuliwe kwanza vikiwa vyeupe, wazee, akina mama na wachungaji waseme kwa Kiha chao, mwandishi aandike maneno kama yalivyotamkwa, ndipo Kiswahili cha ufunguo kichaguliwe, kabla mpango haujapelekwa katika mkutano mkuu wa kijiji. Makaburi na mahali pa siri pasichomekwe pini ila kwa idhini ya wenyewe, kwa maana kielelezo humwonyesha mgeni sawasawa na mwenyeji. Nacho kibaki katika ofisi ya kijiji. Picha zake ndizo zipelekwe wilayani.