Tunaogopa Sindano ya Bure, Tunaamini Kidonge cha Buku

Shangazi yangu wa Tanga huweka dawa zake kwenye kopo la maziwa ya unga. Siku tulipomrudisha nyumbani kutoka hospitali nililimimina kopo hilo juu ya mkeka, nikaanza kuchambua. Bahasha saba za khaki, kila moja imeandikwa kwa kalamu "1x3" au "2x2", jina la dawa hakuna. Vipande vya vidonge vilivyokatwa kwa mkasi, tarehe ya mwisho wa matumizi imebaki dukani kwenye kipande kingine. Kimoja tu kilisomeka vizuri: diclofenac, miligramu 50. Hicho ndicho kilichomlaza.

Goti lilikuwa likimsumbua. Kwa miezi mitano alimtuma mjukuu wake duka la dawa la mtaani na noti ya shilingi 1,000 na maneno yaleyale: "Mwambie anipe zile za goti." Hakuna aliyeuliza kama kuna dawa nyingine anameza. Alikuwa akimeza mbili za presha. Usiku mmoja alitoka chooni akasema choo kimekuwa cheusi kama lami, na kulipokucha hakuweza kusimama. Aliongezewa damu chupa mbili, akapimwa tumbo kwa kamera, akalala wodini siku sita. Vilikuwa vidonda vya tumbo, na vilikuwa vinavuja damu.

Shangazi huyuhuyu ndiye aliyekataa katakata mjukuu wake wa kike asichomwe shuleni chanjo ya HPV, kirusi kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi. "Wakitoa bure, ujue wana jambo lao," alisema.

Hapo ndipo nilipoona kwamba hofu yetu tumeiweka pasipo pake. Sindano ambayo madhara yake yamehesabiwa na kuandikwa tunaikimbia, na kidonge kinachoweza kutoboa tumbo tunakinunua kama karanga. Dawa isiyo na madhara hakuna, wala chanjo isiyo na madhara hakuna. Cha kupima ni hiki: inanikinga au kuniponya nini, inaweza kunifanya nini, na nisipoitumia litanipata lipi. Bei ya kaunta ni sehemu ndogo ya hesabu.

Tuanze na maumivu, maana ndiyo yanayotupeleka dukani mara nyingi. Paracetamol ni ya bei nafuu kuliko zote; vidonge kumi bei yake haifiki ya soda. Haichubui tumbo, na mjamzito anaruhusiwa kuitumia kwa kipimo anachoelekezwa. Hatari yake iko kwenye ini, nayo huja mtu anapopitisha kipimo. Mtu mzima mwenye afya asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na aachanishe angalau saa nne kati ya dozi na dozi. Mtego ni kwamba dawa nyingi za mafua, na vile vidonge mseto vya maumivu, zina paracetamol ndani yake. Mtu anameza za mafua, anaongeza za kichwa, usiku anakunywa za mgongo, kumbe zote ni paracetamol moja yenye makoti tofauti. Soma nyuma ya pakiti.

Diclofenac na ibuprofen zina nguvu zaidi kwenye uvimbe: goti lililofura, jino, maumivu ya hedhi. Kwa siku tatu au tano, kwa kijana asiye na ugonjwa mwingine, baada ya chakula, ni dawa nzuri na sina ugomvi nazo. Ubaya wake huanza zinapokuwa za kila siku. Huchubua ukuta wa tumbo, hupandisha presha, huongeza hatari ya shambulio la moyo, na hubana figo, hasa kwa mzee anayetumia pia baadhi ya dawa za presha na zile za kukojoza maji. Mjamzito aliyefika nusu ya mimba asizitumie bila daktari. Figo zikishindwa, kinachofuata ni kusafishwa damu, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, na kila mara hulipiwa kwa laki, si kwa mia. Weka gharama hiyo kando ya noti ya shangazi, ndipo utajua kipi ni rahisi.

Kuna jingine ambalo watu wa Dar es Salaam wanapaswa kulikumbuka. Homa ya dengue ilipiga jiji hilo mwaka 2014, ikarudi 2019. Mtu mwenye dengue anaumwa viungo kweli kweli, na mkono unakimbilia diclofenac, ibuprofen au aspirini. Zote tatu huongeza hatari ya kuvuja damu. Homa usiyoijua chanzo chake, tuliza kwa paracetamol na maji, kisha ukapime.

Kupima kwenyewe watu hukuona gharama ya ziada. Tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linaelekeza kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kupewa dawa, na kipimo cha haraka cha tone la damu hutoa jibu ndani ya nusu saa. Ukiruka kipimo ukameza dawa mseto ya malaria kwa homa isiyo malaria, umelipa dozi bure, na nimonia au taifodi inaendelea kukutafuna wewe ukisubiri nafuu. Ukipimwa ukakutwa nayo, dozi ya mtu mzima ya dawa mseto ya ALu (artemether-lumefantrine) ni vidonge 24 kwa siku tatu, vinne vinne, na inafyonzwa vizuri ikimezwa na chakula chenye mafuta au maziwa. Siku ya pili utajisikia mzima. Maliza. Vidonge vinavyobakizwa kabatini "kwa ajili ya mtoto akiugua" ni dozi mbili zilizoharibika: yako na yake.

Sasa antibiotiki. Huku kwetu zina jina lake la heshima: kapsuli za rangi mbili. Nimesimama kaunta nikamsikia kijana anasema, "Nipatie rangi mbili za buku, nina mafua." Muuzaji akahesabu sita, akazitia bahashani. Mafua yanatokana na virusi, na antibiotiki haiui virusi. Kwa hiyo faida aliyonunua kijana yule ni sifuri. Hasara alizochukua ni za kweli: kuharisha, fangasi, na kwa mwenye mzio wa penisilini, kuvimba koo na kushindwa kupumua ndani ya dakika chache. Kisha kuna hasara tunayogawana sote. Mwaka 2019 vifo milioni 1.27 duniani vilisababishwa moja kwa moja na bakteria waliokuwa sugu kwa dawa. Dozi ya nusu inayonunuliwa kwa buku ndiyo shule ambamo bakteria hao hufundwa. Kwa mafua nunua limau, tangawizi na paracetamol, pumzika. Antibiotiki iachie kazi yake, kwa maana ukiwa na nimonia ni dawa ya kuokoa roho na hakuna kinachoishinda.

Mtoto akiharisha, hesabu ni fupi zaidi: maji ya chumvichumvi ya pakiti na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Ni rahisi kuliko chochote utakachouziwa. Ukiona damu kwenye choo, au macho yameingia ndani, mwahishe kituoni.

Kuhusu dawa za jina kubwa na zile za jina la kawaida, niseme wazi kwamba nanunua za jina la kawaida. Paracetamol miligramu 500 ya kiwanda kisicho na matangazo ni paracetamol miligramu 500, mradi imesajiliwa na mamlaka ya dawa, TMDA kwa Tanzania au Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya. Pa kubana matumizi pasiwe mahali pa kununulia. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, dawa moja kati ya kumi ni bandia au haina kiwango. Dawa inayouzwa mnadani au ndani ya basi, hata ikiwa nusu bei, ni ghali.

Tuje kwenye chanjo. Surua ni ugonjwa ambao, kati ya watoto 1,000 wanaougua, takriban mmoja hupata uvimbe wa ubongo, na huua zaidi penye utapiamlo. Chanjo yake huleta homa na vipele kwa baadhi ya watoto, na degedege la homa kwa takriban mmoja kati ya 3,000 au 4,000. Degedege hilo linatisha, najua, lakini kwa kawaida hupita bila kuacha kovu. Mzio mkali ni takriban mmoja kwa kila dozi milioni, ndiyo maana nesi anakuambia usiondoke mara moja. Ile habari kwamba chanjo ya surua huleta usonji ilitokana na andiko la mwaka 1998 la daktari wa Uingereza, Andrew Wakefield, lililohusu watoto 12 tu. Jarida lililolichapisha lililifuta mwaka 2010, naye akafutwa kwenye orodha ya madaktari.

HPV ndiyo iliyonigusa zaidi. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, na aina mbili za kirusi cha HPV, 16 na 18, husababisha takriban asilimia 70 ya saratani hiyo. Tanzania ilianza kuchanja wasichana mwaka 2018, Kenya mwaka 2019. Utafiti uliofanyika Kenya kwa wasichana wa miaka 15 hadi 20, matokeo yake yakatoka 2022, ulionyesha kuwa dozi moja tu ilikinga dhidi ya aina hizo mbili kwa asilimia 97.5 katika miezi 18. Sasa Tanzania inatoa dozi moja kwa wasichana. Madhara ni mkono kuuma, kichwa kugonga, na wengine kuzirai kwa woga wa sindano. Wakae robo saa. Ugumba hausababishwi na chanjo hii. Kinachoweza kumnyima mwanamke uzazi ni saratani yenyewe, inapolazimu kizazi kuondolewa.

Zipo pia chanjo za kulipia, na hapa watu hupoteza pesa. Ya homa ya manjano, tangu Julai 2016 cheti chake ni cha maisha yote, kwa hiyo anayekutaka uchanjwe upya kwa kuwa miaka kumi imepita anakulipisha mara mbili. Aliyepita miaka 60 na hajawahi kuchanjwa azungumze na daktari kwanza, maana kwake madhara makali hutokea zaidi kidogo kuliko kwa kijana. Anayekwenda Hija anahitaji chanjo ya homa ya uti wa mgongo angalau siku kumi kabla ya kufika Saudi Arabia. Asisubiri wiki ya safari. Ya homa ya ini B kwa mtu mzima ni dozi tatu, na kabla ya kuilipia pima kwanza, kwani aliyekwisha kuambukizwa haimsaidii.

Kichaa cha mbwa hakina mjadala wa bei. Dalili zikianza, mgonjwa karibu hakika anakufa. Uking'atwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda siku hiyohiyo. Ukikuta bei imekushinda, uliza kama wanachoma ndani ya ngozi: njia hiyo hutumia dawa kidogo, nayo inakubalika, sindano ya kwanza na kisha siku ya 3 na ya 7 baadaye.

Shangazi sasa anatumia paracetamol, na mtaalamu wa viungo wa hospitali amempa mazoezi ya goti. Mjukuu alichanjwa.

Wewe unayesoma, safari ijayo dukani mwambie muuzaji aandike juu ya bahasha jina la dawa, nguvu yake na tarehe ya kuisha, na umtajie kila dawa unayomeza. Kisha toa kadi ya kliniki ya mtoto wako usiku huu. Kama ametimiza miezi 18 na kisanduku cha surua cha umri huo ni kitupu, mpeleke kesho.